Viti Viwili, Mgongo kwa Mgongo

Yeoville, Johannesburg
Jumapili ya mwisho ya Julai, mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke nyumbani

Mama Furaha,

Kuna baridi kavu leo, ile uliyosema huanzia magotini. Nimekaa jikoni kwa sababu ndipo jua linapofika asubuhi, na nimevaa sweta lako la kijani juu ya langu. Usicheke. Hakuna anayeniona isipokuwa yule mwanamke wa jengo la ng'ambo, anayeanika nguo kwenye roshani, na naona yeye pia amevaa koti la mumewe.

Samweli amepiga simu tena. Unamjua mdogo wangu, hawezi kungoja. Amemaliza kujenga. Anasema chumba changu kina mlango wake wenyewe na dirisha linaloelekea ziwani, na anataka niwe nimeshafika Nakuru kabla ya mwaka kwisha, nikae huko moja kwa moja. Aliniambia, "Umewafundisha wageni Kiingereza umri wako wote. Njoo sasa ukae na watu wako." Nilimwahidi jibu Jumapili, na Jumapili ndiyo hii. Lakini nimeshindwa kumjibu kabla ya kukuambia wewe. Nimezoea kufikiri mbele yako. Kwa hiyo nivumilie, maana itabidi nianze mbali.

Nianze na kile chuo kidogo cha lugha katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Nilikuwa mgeni hapa bado. Shamba la baba lilikuwa limechomwa kwenye ghasia za uchaguzi, nami nilikuwa nimemfuata rafiki wa shule aliyeniambia Johannesburg kuna kazi ya kufundisha. Kazi ilikuwepo. Walinipa chumba, ubao, na kanda za kusikiliza. Wanafunzi walikuwa wa kutoka Kongo, Burundi, Msumbiji, Ethiopia, watu waliofanya kazi mchana kutwa na kuja darasani macho yakiwa mekundu.

Wewe ulikaa safu ya nyuma wiki nzima bila kusema neno, ukisikiliza kanda kwa uso wa mkaguzi wa shule. Hakuna aliyejua kwamba ulikuwa mwalimu wa Kifaransa kule Uvira kabla vita havijakutoa. Siku hiyo kanda ilikuwa na mwanamume na mwanamke wakiagiza chai katika mji wenye mvua. Ukanyosha mkono. Ukaniuliza kwa Kiingereza chako, ambacho Kifaransa kilikuwa kimekishika shati kwa nyuma, yule mwanamume anaishi wapi. Nikajibu, Uingereza. Ukauliza kama ana mpango wa kuja Johannesburg. Darasa likacheka. Nikasema sidhani. Ndipo ukaachana na Kiingereza kabisa, ukaniambia kwa Kiswahili cha kwenu, mbele ya wote:

"Sasa huyu hatakuya huku, na sisi hatutaenda kwake. Tunamuiga juu ya nini?"

Nilikasirika kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hajawahi kufikiri kinauzwa. Mimi nilikuzwa nikiamini Kiingereza ni kimoja. Shuleni kwetu mtoto akisikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa kuliko wengi. Mtoto aliyevishwa kibao kile hakui akidhani Kiingereza ni chake. Anakua akidhani ni mali ya mwenye kibao, na yeye ameazimwa, na siku yoyote anaweza kuambiwa akirudishe.

Nilikueleza hayo kwenye ngazi baada ya darasa, na wewe ukanieleza kwamba kwenu kilikuwa kipande cha mfupa, tena kwa ajili ya Kifaransa. Ukasema wewe ulikuwa mjanja, ukikificha mfukoni na kusema umekipoteza. Watu wengine huchumbiana kwa maua. Sisi tulilinganisha adhabu.

Tulipooana tukahamia ile fleti ya Joubert Park, yenye lifti ambayo sikuwahi kuiona ikisogea. Darasa la Jumamosi lilianzia pale sebuleni, kwa wale ambao ada ya chuo iliwashinda. Na hapo ndipo ulipovileta viti. Nimeulizwa mara nyingi mbinu hii niliitoa kitabu gani. Haikutoka kitabuni. Uliingia jikoni, ukaleta viti viwili vyekundu vya plastiki, ukaviweka mgongo kwa mgongo katikati ya sebule, ukawakalisha watu wawili wasioweza kuonana uso, na ukampa mmoja wao jambo la kumweleza mwenzake kwa Kiingereza. Sheria zilikuwa chache. Sisi walimu tulinyamaza. Hakuna mkalimani, hakuna kusahihisha. Anayesikiliza aliruhusiwa kusema jambo moja tu, "Sema tena", na akisema hivyo, msemaji hakuruhusiwa kurudia maneno yale yale. Alilazimika kutafuta njia nyingine. Mwishoni hatukuangalia nani kasema sawasawa. Tuliangalia kama kilichotakiwa kimefanyika.

Waliotangulia walikuwa Deo na Solange. Deo, Mrundi, alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, mtu mwenye sauti ndogo kama anayeogopa kuamsha mtoto. Solange wa Lubumbashi alisuka nywele huku Yeoville na sauti yake ilisikika mpaka chini barabarani. Deo alipewa kazi ya kumwelekeza Solange njia ya kwenda kliniki kutoka Park Station, naye Solange achore ramani. Solange alichora kwa mbwembwe, akitikisa kichwa, yes, yes, yes. Wiki iliyofuata akaifuata ramani yake mwenyewe, akatokea kwenye karakana ya mabasi.

Alirudi amefura. Akasema mwanamume huyu anaficha maneno ndani ya meno, atawezaje mtu kuyaona? Deo akajibu polepole kwamba Madamu hakusema "Sema tena" hata mara moja. Wewe ukamgeukia Solange. Ukamwuliza kama alikuwa ameelewa. Akakiri kwamba hakuelewa, lakini kuuliza kungeonyesha hajui. Na hilo, Mama Furaha, ndilo kosa letu sisi wote tuliokuja mji huu, la kuitikia yes kwa kitu ambacho hatukukisikia. Tunaitikia kwenye ofisi za vibali, tunaitikia hospitalini, tunatoka nje tumebeba karatasi tusiyojua inatuagiza nini. Ukamwambia Solange neno ambalo baadaye uliliandika kwa chaki ukutani, mwenye nyumba akanuna: mwenye kusikia naye anafanya kazi.

Nilikupinga kwa muda mrefu, kwa adabu. Nilihofu tunawadanganya watu. Dunia, nilisema, haitawakalisha kwenye viti vya jikoni. Itawapima kwa kipimo chake. Ukaniuliza, dunia ni nani? Ukanitaka nitoke nje na kinasa sauti nikaitafute. Nikatoka. Nilimrekodi yule muuza vitambaa wa Fordsburg, mwenye Kiingereza cha Kihindi cha vizazi vinne vya Afrika Kusini. Nilimrekodi mchungaji Mnigeria wa kanisa la ghorofani, na mama Mzungu, msemaji wa Kiafrikana, wa dirisha la kulipia umeme, na mwalimu wa hesabu kutoka Bulawayo aliyekuwa akiuza chaja za simu, na vijana wanaopanga foleni za teksi, matatu za huku. Wote niliwaomba jambo moja, wanieleze chakula cha kwao kinapikwaje. Wanafunzi wetu walizipenda kanda hizo kuliko kitu chochote. Walimwelewa mchungaji haraka, mama wa umeme kwa shida, vijana wa teksi mwisho kabisa. Mimi, mwenye cheti changu, nilihitaji kumsikiliza yule mama mara nne.

Chuoni hawakupendezwa. Niliambiwa wateja wanalipia Kiingereza halisi. Nikauliza kipi, wakadhani natania. Baada ya hapo darasa la Jumamosi likawa darasa la kila siku, na sebule ikawa ukumbi wa chini ya kanisa hapa Yeoville.

Nisije nikaandika kama vile ulikuwa mlegevu. Kwenye karatasi ulikuwa mkali kuliko mimi. Barua ya kuomba kazi uliirudisha mara tatu, na koma zako uliziweka kama mtu anayeshona vifungo. Ulichokataa ni mtu kuambiwa avue sauti yake mlangoni kama viatu.

Juzi nilimkumbuka Otieno na jinsi alivyoingia. Mkenya mwenzangu, wa benki kule Sandton, ametumwa na kanisa lake kujitolea. Alikuja na gari linalong'aa na Kiingereza kinachong'aa zaidi. Akatuambia kwa upole kwamba watu hawa wanahitaji kusikia mfano mzuri. Ukamkaribisha akae kwenye kiti. Nyuma yake ukamkalisha Deo, ukampa Otieno orodha fupi ya vitu amwagize Deo kutoka spaza, kile kiduka cha chini, kwa maneno tu.

Otieno alisema vizuri mno. Alianza na salamu, akaeleza sababu za manunuzi yenyewe, akaweka masharti: kama mkate wa kahawia haupo basi achukue mweupe, ilimradi si wa jana. Deo akasema, "Sema tena." Otieno akasema tena, yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Deo akashuka ngazi, akarudi na sabuni ya kufulia na mikate miwili, wa kahawia na mweupe. Solange alicheka mpaka akashika ukuta. "Monsieur wa Sandton," akasema, "leo utakula sabuni." Otieno alitaka kueleza kwamba tatizo ni msamiati wa Deo. Wewe ukamgusa bega.

"Papa, umeongea muzuri," ukamwambia. "Lakini umeongea peke yako."

Nilidhani hatarudi. Alirudi Jumamosi iliyofuata bila tai, akaniambia pembeni, kwa aibu ya utani, "Mwalimu, yaani nimefeli English mbele ya soja." Amefundisha nasi tangu wakati huo. Darasa ni lake sasa. Mimi huenda kukaa tu, nikichoka narudi.

Furaha alikulia chini ya meza ya darasa hilo. Unakumbuka alivyokuwa akiwaigiza wote? Akiwa wa darasa la kwanza aliweza kuwa Deo, akawa Solange, akawa mchungaji akikusanya sadaka, na mama wa umeme akifunga dirisha. Wenyewe walimwomba arudie. Shuleni alikuwa na Kiingereza cha shuleni, uwanjani Kizulu cha wenzake. Kiswahili chetu alikisikia chote, hata tulipojaribu kumficha jambo. Ila hakukisema. Tulimwuliza kwa Kiswahili, akatujibu kwa Kiingereza, na sisi tuliotoka kufundisha lugha tangu asubuhi hatukuwa na nguvu za kufungua darasa jingine juu ya sahani ya ugali. Nilipolalamika ulisema, "Siku atakuwa na haja, ataongea." Ulisema kwa utulivu sana. Nikaona ni vyema niwe mtulivu pia.

Ajira yake ulikuwa unaijua, ila cheo hiki kipya hukukiona. Ile kampuni ya Sandton inayojibu simu za wateja wa ng'ambo imempandisha. Sasa anawafundisha vijana wapya kuondoa Johannesburg kinywani kabla hawajainua simu. Anaifanya vizuri, ana sikio lako. Alinionyesha siku moja, hapa hapa jikoni, akasema sentensi mbili tatu kwa sauti ya kazini. Alikuwa ni yule mwanamume wa kwenye kanda, Mama Furaha. Ile mvua, ile chai. Amekuja Johannesburg baada ya yote, na anamlipa binti yetu mshahara. Nilimpongeza, na nilimaanisha. Kadi ya kazi ilikuwa imening'inia shingoni mwake na niliitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Sasa nifike mahali ambapo sikutaka kufika.

Ulipoanguka, Agosti ile, hapo karibu na jiko, daktari alitueleza kwamba upande mmoja wa ubongo umeumia, na kwamba maneno yanaweza kurudi au yasirudi. Yalirudi, lakini si yote. Kiingereza hakikurudi. Kifaransa kilikuja neno moja moja na kuondoka, kama mgeni asiyevua koti. Kilichobaki kizima ni Kiswahili cha Uvira, kile cha jikoni kwa mama yako, na kwa hicho ulikuwa wewe kabisa, pamoja na utani wako. Madaktari walipokuuliza kitu ulinitazama mimi. Nilikuwa nimewatafsiria mamia ya watu katika mji huu, na sikujua kazi hiyo ina uzito huo.

Kulikuwa na nesi mmoja, mama mtu mzima wa Soweto, ambaye hakunitaka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema neno la Kizulu, akaonyesha kwa mkono, akangoja. Ukajibu kwa lako. Akangoja tena. Ulipomwambia "batu" naye akasema "abantu", watu wale wale kwa Kizulu, mkatazamana kama ndugu waliokutana stesheni. Siku zilizofuata niliwakuta mkicheka, na mlipoacha kucheka hakuna aliyeniambia mlichekea nini. Ningempa yule mama cheti chochote ninachoweza kukitia sahihi.

Lakini Furaha. Alikuja kila jioni kutoka kazini, kadi ikiwa bado shingoni. Ulisema naye, naye alielewa kila neno, niliona usoni. Akafungua kinywa kukujibu na kilichotoka ni Kiingereza, kizuri, kile ambacho hukuwa nacho tena. Akafunga kinywa. Akajaribu: "Mama, unataka..." Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza neno la mto wa kulalia. Nikampa. Akaanza tena, akakwama tena, akanigeukia tena. Mtoto anayeweza kuwaigiza watu wote wa mji huu alikuwa ameishiwa maneno mbele ya mama yake. Mimi nilisimama katikati nikipokea na kupitisha, na nyote wawili mlikuwa mnanitazama mimi badala ya kutazamana.

Ndipo ulipomwambia, na uliongea naye, si nami:

"Baba yako atoke inje."

Nilitoka. Nilikaa kwenye benchi la koridoni, chini ya saa. Kupitia mlango niliweza kusikia sauti bila maneno. Kwanza sauti ya Furaha, ikakatika. Halafu sauti yako, fupi, kama mtu anayesema "Sema tena". Halafu ya kwake, nyembamba, ikisimama na kuanza. Halafu yako. Sijui mlisema nini. Sijamwuliza, naye hajanieleza, na sitamwuliza. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, akaniambia tu kwamba umelala.

Siku mbili baadaye ukaondoka. Tulikuzika huku, magharibi ya mji, kwa sababu Uvira kulikuwa hakufikiki na kwa sababu wewe mwenyewe ulisema mwili hauombi viza. Deo alisimama kaburini, mzee sasa, akasema kwa Kiingereza chake cha sauti ndogo kwamba alipofika mji huu watu walikuwa wakimjibu kabla hajamaliza, na wewe ulikuwa wa kwanza kungoja amalize. Upepo ulikuwa mkali, lakini watu wote walisogea karibu kumsikia.

Tangu hapo nyumba hii imekuwa na kimya ambacho siwezi kukiambia "Sema tena". Kwa hiyo Samweli alipoanza kuzungumzia chumba, niliitikia haraka. Nilikiona. Niliiona ile njia yenye vumbi kutoka barabarani, na moshi wa kuni za jioni, na makaburi ya baba na mama ambayo nimeyapalilia mara moja tu. Nataka uamini kwamba nilikitaka chumba kile. Bado nakitaka. Kuna asubuhi naamka najua harufu ya mvua ya kule kabla sijajua niko wapi.

Kweli, nilipokwenda kumzika mama, wapwa zangu walinicheka. Walisema Uncle anaongea Kiingereza kama Mzulu, na Kiswahili kama Mkongo. Samweli akawakemea, lakini walikuwa sahihi, wana masikio mazuri. Mimi niliyeondoka na lugha ya kibao nimerudi nayo ikiwa na alama za vidole za kila mtu niliyekaa naye. Sikuona haya. Nilihuzunika tu kwamba hapakuwa na mtu pale wa kuzitambua alama zenyewe, wa kusema hii ni ya Solange, hii ya Deo, hii ni ya mkewe.

Jumatano nilimweleza Furaha kwenye simu, kwa Kiingereza, kama tunavyozungumza siku zote. Nikamwambia kuhusu chumba, na kwamba nafikiri nitakwenda. Akasema, "Sharp, Baba," akakata. Nilidhani amekubali. Hata nilishusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Jana alikuja. Alikuwa na mkate na machungwa, akaviweka mezani bila kuvua koti. Aliliona sanduku. Akachukua viti, hivi hivi vyekundu, nilichokalia sasa na chako, akavipeleka katikati ya jikoni, akavigeuza mgongo kwa mgongo.

"Kaa, Baba."

Nikakaa. Naye akakaa nyuma yangu, nikasikia kiti kikilia kama kinavyolia siku zote upande ule. Nilikuwa naangalia friji. Niliweza kusikia anavyovuta pumzi, kama wale wote waliowahi kukaa pale kwa mara ya kwanza. Nilijua sheria, nikanyamaza.

Akaanza kwa Kiswahili. Polepole, neno likija, jingine likikataa, akiacha lililokataa na kutafuta la pembeni. Aliniambia anasikia Kiswahili chote, tangu mtoto, ila kukitoa ndiko kugumu. Aliniambia kazini siku nzima anaongea kwa sauti ya mtu mwingine. Na nikiwa naangalia friji, Mama Furaha, bila uso wake mbele yangu, nilisikia kilicho kinywani mwake. Kilikuwa cha Uvira. "Njo" yako, ile ya "ndiyo", ilikuwemo, "muzuri" yako ilikuwemo, na ile sauti inayopanda mwishoni mwa swali ambayo nilifikiri imezikwa magharibi ya mji. Na humo ndani, hapa na pale, kiraka cha Nakuru, changu. Hakuna mahali pengine duniani panaposemwa Kiswahili hicho. Kina msemaji mmoja, na nimebaki mimi tu wa kukisikia.

Akafika kwenye swali alilokuja nalo. "Baba, wewe ukienda... mimi nitaongea hii na nani?"

Nilikuwa nimesikia neno kwa neno. Lakini sheria iliniruhusu kusema jambo moja tu.

"Sema tena," nikamwambia.

Hakurudia. Ulimfundisha vizuri. Alitafuta njia nyingine, nikamsikia akiitafuta, na baada ya muda akaipata, neno moja tu.

"Bakia."

Tulikaa hivyo mpaka jua likatoka jikoni. Halafu akamenya machungwa, tukala, akanieleza mambo ya foleni ya Jumamosi kwa mchanganyiko wake, na sikusahihisha hata ngeli moja.

Baada ya barua hii nitampigia Samweli. Atanuna wiki moja, kisha ataweka mahindi kwenye chumba kile, na dirisha litaendelea kutazama ziwa bila mimi. Baba na mama watapaliliwa na mikono mingine. Hilo linaniuma, na sitaki ulichukue kama kitu kidogo. Nilidhani mtu akiondoka nyumbani kwa kukimbizwa, angalau mwishoni hurudishiwa kurudi. Sikurudishiwa. Nimepewa kiti cha jikoni na sauti nyuma yangu, Jumamosi kwa Jumamosi, muda wowote uliobaki.

Lala, mke wangu. Sweta nitalifua. Furaha anakusalimu, kwa maneno yake mwenyewe.

Nyumbani sitarudi.

Mumeo,
Papa Furaha